Jino Limebadilika Rangi: Tafuta Chanzo Kabla ya Kung'arisha

Kabla hujanunua chochote cha kung'arisha meno, nenda mbele ya kioo karibu na dirisha, mchana. Taa za ndani hubadilisha rangi ya kila kitu, na picha za simu ndizo hazifai kabisa kwa kazi hii. Inua mdomo wa juu, futa meno ya mbele kwa kitambaa safi mpaka yakauke, kisha yaangalie moja baada ya jingine: upande wa midomo, shingoni pale jino linapokutana na ufizi, katikati ya jino na jino, na upande wa ulimi ukipata kioo kidogo cha kukusaidia.

Unatafuta jambo moja: mahali rangi ilipo. Kuna rangi iliyokaa juu ya jino, na kuna iliyomo ndani yake. Halafu kuna jino ambalo tatizo lake si doa hata kidogo. Linaoza, linaliwa na tindikali au limekufa, na rangi ni taarifa tu ya hayo. Dawa ya hali moja haiisaidii nyingine, na mara nyingine huizidisha. Wengi huanza na dawa, wakaja kukitafuta chanzo baada ya fedha kwisha na meno kuanza kuuma.

Jino lenyewe lilivyo

Tabaka la nje ni enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takribani asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Hata ilipo nene zaidi haifiki milimita 3, na shingoni mwa jino huwa nyembamba sana. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano, na ndani kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Enameli hupitisha mwanga kama kioo chenye ukungu, kwa hiyo rangi unayoiona mtu akitabasamu ni ya dentini kwa sehemu kubwa. Jino zima lenye afya si jeupe pepe. Chonge hasa huwa na rangi iliyokolea kuliko majirani zake, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sigara, na huo si ugonjwa.

Madaktari wa meno hupima rangi kwa vipande vya kulinganishia. Kipimo kinachotumika sana, VITA classical, kina vivuli 16 katika makundi manne, A hadi D. Mgonjwa hana haja ya kuvikariri, ila ajue tofauti moja: rangi inayoelekea manjano au kahawia hafifu huitikia dawa kwa urahisi, lakini inayoelekea kijivu hubishana na dawa kwa miezi.

Sasa jiulize. Ni jino moja au ni mengi? Rangi ilikuwapo tangu jino lilipoota, au imekuja ukubwani? Ukilipitishia ukucha, doa ni laini au linakwaruza? Je, baridi, moto au sukari huliumiza jino hilo? Kwa majibu haya manne unaweza kuingia moja kwa moja kwenye dalili inayokuhusu hapa chini.

Dalili: kahawia au weusi shingoni na katikati ya meno

Kama rangi imejificha mahali ambapo mswaki haufiki vizuri, na sehemu iliyotokeza ya jino ni safi, karibu kila mara ni doa la juu. Chai, kahawa, divai nyekundu na moshi wa tumbaku ndio visababishi vikuu. Tanini za vinywaji hivyo hunata kwenye utando mwembamba wa protini za mate unaofunika jino wakati wote. Tumbaku huacha lami, na lami huganda pabaya zaidi, yaani upande wa ulimi wa meno ya mbele ya chini.

Ukigusa kwa ukucha ukakuta pamekwaruza na kuna ukingo, huo ni ukoga uliokwisha kuwa mgumu kwa madini ya mate. Hapo mswaki umeshindwa, na dawa ya kung'arisha itashindwa pia kwa sababu haipenyi. Ukoga wa namna hiyo huondolewa na mtaalamu kwa kifaa cha kutetema au cha kukwangua, halafu meno husuguliwa kwa unga maalumu. Usijikwangue mwenyewe kwa sindano au kisu. Utaukata ufizi na kuikwaruza enameli, na juu ya enameli iliyokwaruzika doa jipya hushika upesi zaidi.

Watu wengi wanaodhani wanahitaji kung'arishwa meno wanahitaji kusafishwa tu. Mtu hutoka kwenye usafi wa nusu saa akaiona rangi yake halisi kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na huridhika nayo. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hakubali kuanza na dawa ya kung'arisha kabla ya kusafisha.

Baada ya hapo, kinachozuia doa kurudi ni mswaki laini mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na uzi wa meno au vijiswaki vya katikati, maana katikati ya meno ndiko doa huanza. Kusukutua maji baada ya chai kunasaidia pia. Dawa za mswaki zilizoandikwa kuwa za kung'arisha huondoa doa la juu kwa kusugua, basi. Rangi ya dentini haziigusi. Nyingine huwa na rangi ya buluu inayobaki juu ya jino kwa saa chache na kulifanya lionekane jeupe kidogo. Hakuna ubaya, mradi ujue unachonunua.

Dalili: kahawia imetokea ghafla, ndani ya wiki chache

Angalia dawa unazotumia. Maji ya kusukutua yenye klorheksidini, yale ambayo madaktari huandika kwa ugonjwa wa fizi au baada ya kung'oa jino, huacha kahawia juu ya meno, juu ya ulimi na juu ya vijazio vyeupe. Ni dawa nzuri kwa muda mfupi, na doa lake huondoka kwa kusafishwa. Tatizo huja mtu anapoigeuza kuwa ya kila siku kwa miezi bila kuambiwa.

Dawa ya maji ya kuongeza madini ya chuma huacha weusi, hasa kwa watoto. Usiiache. Mpe mtoto kwa mrija au bomba dogo upande wa nyuma wa kinywa, kisha apige mswaki.

Dalili: mstari mwembamba mweusi unaofuata fizi za mtoto

Wazazi huogopa sana wakiuona, wakidhani meno yanaoza. Mstari au vitone vyeusi vinavyofuata umbo la ufizi, kwa mtoto anayepiga mswaki vizuri, kwa kawaida hutokana na bakteria wanaotengeneza mchanganyiko mweusi wa chuma. Tafiti kadhaa zimeona kuwa watoto wenye mstari huu huwa na meno machache yaliyooza kuliko wenzao. Husafishwa kwa daktari, hurudi, husafishwa tena, na kwa wengi huisha wanapokua. Tofauti na uozo ni hii: mstari huo uko juu ya jino gumu na zima, bila shimo wala ulaini.

Dalili: meno yote yanazidi kuwa ya manjano mwaka hadi mwaka

Kwa mtu mzima asiye na maumivu, hii ni kazi ya umri. Enameli huisha kidogo kidogo kwa kutafuna na kusugua, na wakati huohuo dentini huongezeka ndani na kukolea. Ndiyo hali inayoitikia dawa za kung'arisha kuliko nyingine zote, na kama ni yako unaweza kuruka hadi sehemu ya dawa.

Lakini kwanza hakikisha enameli haiyeyuki. Enameli huanza kupoteza madini kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi, na soda, juisi za machungwa na ndimu, vinywaji vya kuongeza nguvu na tindikali ya tumbo ziko chini sana ya hapo. Dalili zake ni ncha za meno ya mbele kuwa nyembamba na kupitisha mwanga, uso wa jino kung'aa na kupoteza mistari yake midogo, vijazio vya zamani kusimama juu kuliko jino linalovizunguka, vishimo vidogo vya manjano kwenye vilele vya magego, na ganzi kali ya maji baridi. Ukiona upande wa ulimi wa meno ya mbele ya juu ndio umelika zaidi, fikiria tindikali inayopanda kutoka tumboni, au kutapika mara kwa mara. Hilo huhitaji daktari wa tiba pamoja na wa meno, na mwenye tatizo la kujitapisha anastahili kusaidiwa kwa upole bila kuhukumiwa.

Kung'arisha meno yanayoyeyuka ni kumwaga dawa juu ya dentini iliyo wazi. Maumivu yatakuwa makali, na manjano yataendelea kwa kuwa chanzo bado kipo. Punguza idadi ya mara unazokunywa vinywaji vyenye tindikali kwa siku, maana kunywa glasi moja kwa mkupuo ni nafuu kuliko kuinywa kidogo kidogo kwa muda wa saa tatu. Sukutua maji baada yake, na usikimbilie mswaki papo hapo enameli ikiwa imelainika.

Dalili: meno mapya ya mtoto ni ya manjano kuliko ya utotoni

Kati ya miaka 6 na 12 mtoto huwa na meno ya aina mbili kinywani kwa wakati mmoja. Meno ya utotoni ni meupe zaidi. Ya ukubwani yana dentini nyingi na ya manjano zaidi, na yakisimama kando kwa kando tofauti huonekana kubwa. Ikiwa rangi ni sawa jino zima na uso ni laini, hakuna cha kutibu. Subiri ya utotoni yaishe kung'oka.

Dalili: jino moja tu limekuwa la kijivu, zambarau, waridi au manjano mazito

Hapa tafadhali usilaze damu. Jino moja linalotengana rangi na wenzake lina historia, hata kama umeisahau: mpira uliokupiga usoni, kuanguka, ajali ya baiskeli miaka 10 iliyopita.

Jino likigongwa, mishipa midogo ya kiini hupasuka na damu huingia kwenye vijitundu vya dentini. Katika siku na wiki za kwanza linaweza kuwa la waridi au zambarau. Pengine kiini kinapona na rangi inarudi, na ndiyo maana daktari halikimbilii jino hilo kwa mashine siku ya kwanza. Hulipima kwa baridi, hulipiga picha ya eksirei na kulifuatilia. Kijivu kinachokuja polepole na kubaki huashiria kiini kilichokufa. Jino la namna hiyo linaweza kukaa miaka bila kuuma huku maambukizi yakila mfupa kwenye ncha ya mzizi. Ukiona kipele kwenye ufizi juu ya jino hilo, kinachotoa usaha kisha kufunga kisha kutoa tena, umeshapata jibu.

Manjano mazito kwa jino moja lililowahi kugongwa ni jambo jingine: kiini kimejijaza dentini mpaka nafasi yake imekaribia kwisha. Mara nyingi jino hilo liko hai na halihitaji tiba ya mzizi, ila lichunguzwe. Waridi linalotokea muda mrefu baada ya ajali huweza kuwa dalili ya jino kuliwa kutoka ndani, na hapo kila wiki ina thamani.

Kuna pia jino lililokwisha kutibiwa mzizi likawa jeusi baadaye. Chanzo kinaweza kuwa mabaki ya kiini yaliyoachwa kwenye pembe za chumba cha jino, dawa ya kujazia mzizi iliyopanda juu, au kijazio cha fedha kinachoonekana kupitia enameli.

Kwa meno haya, trei (kibebeo cha dawa kinachovaliwa juu ya meno) na vibandiko vya kung'arisha kinywa kizima si jibu, maana rangi imetoka ndani. Kama tiba ya mzizi imefanywa vizuri, daktari hulifungua jino kwa upande wa ulimi, huweka kizuizi juu ya kijazio cha mzizi, hutia dawa ya peroksidi ndani na kulifunga kwa muda. Mgonjwa hurudi baada ya siku chache, na kazi hurudiwa mpaka rangi ilingane na wenzake. Matokeo huwa mazuri, na jino halichongwi. Hatari yake ni mzizi kuliwa shingoni miezi au miaka baadaye. Hatari hiyo iliongezeka zamani wakati peroksidi kali ilipotumiwa pamoja na joto, na kizuizi kile ndicho kinga yake. Muulize daktari kama atakiweka.

Kwa mtoto, jino la utotoni lililogeuka kijivu baada ya kuanguka mara nyingi huachwa na kufuatiliwa. Mpeleke haraka ukiona uvimbe, kipele cha usaha au homa.

Dalili: madoa meupe

Weupe usio wa kawaida nao ni mabadiliko ya rangi, na dawa ya kung'arisha inaweza kuufanya uonekane zaidi.

Doa jeupe la chaki, lisilong'aa, linalofuata ukingo wa ufizi au alama ya mahali palipokuwa na bangili za meno (nyaya za kunyoosha meno), ni uozo wa hatua ya kwanza. Madini yametoka lakini shimo bado halijatoboka. Hii ndiyo hatua ambayo uozo unaweza kusimamishwa bila mashine: dawa ya mswaki yenye floridi, floridi ya kupakwa na daktari, sukari ipunguzwe, ukoga uondolewe. Ukiliziba doa hilo kwa ving'arishi tu, umelifunika tatizo.

Madoa meupe au ya manjano yenye mpaka unaoonekana, kwenye magego ya kwanza ya ukubwani na meno ya mbele, hasa kama magego hayo yanameguka na kuuma kwa maji baridi, huonyesha enameli iliyotengenezwa bila madini ya kutosha utotoni. Mtoto mwenye hali hii huchukia mswaki kwa kuwa unamuumiza kwelikweli. Asigombezwe. Apelekwe mapema, kabla magego hayajaisha. Doa kama hilo kwenye jino moja pekee la ukubwani mara nyingi limetokana na jino la utotoni la hapohapo lililoumia au kuoza mpaka kutunga usaha.

Mistari myembamba au mawingu meupe yanayofanana kulia na kushoto, kwenye meno mengi, huelekeza kwenye floridi.

Dalili: mawingu, kahawia na vishimo tangu meno yalipoota

Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs, Marekani, akawakuta wenyeji wengi wana meno ya kahawia ambayo hakuna aliyeweza kuyaeleza. Alilifuatilia jambo hilo kwa miongo mitatu, sehemu yake akiwa na mwalimu maarufu wa udaktari wa meno G. V. Black, na wakagundua kwamba meno yale yaliyobadilika rangi yalikuwa magumu kuoza. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aliyapima maji ya maeneo yenye tatizo akakuta floridi nyingi. Kutoka kwenye doa hilo ndipo ulipotoka ujuzi wa floridi tunaoutumia kwenye dawa ya mswaki leo.

Floridi ikizidi kwenye maji ya kunywa wakati meno yanajengeka ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, enameli hutoka na vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana. Ikiwa kidogo, ni mistari meupe tu. Ikiwa nyingi, enameli hutoka ya chaki, hunyonya rangi ya kahawia baada ya kuota, na humeguka vishimo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Maeneo yenye miamba ya volkano, yakiwamo ya Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, huzidi kiwango hicho mahali pengi, na vivyo hivyo sehemu za India na China.

Mzazi anayeishi kwenye maji ya namna hiyo asichemshe akidhani ametibu. Kuchemsha hupunguza maji na kuiacha floridi ileile, kwa hiyo huikoleza. Klorini na vichujio vya kawaida vya kauri havifanyi kitu. Kinachoiondoa ni vichujio vya mkaa wa mifupa, vya alumina au mashine za kusukuma maji kupitia utando mwembamba. Maji ya mvua yaliyovunwa vizuri huwa na floridi kidogo sana, nayo yanafaa kwa kunywa na kupikia ya watoto. Kwa dawa ya mswaki, mtoto chini ya miaka 3 apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, afundishwe kutema.

Kwa mtu mzima mwenye madoa haya tayari, floridi ya leo haiyaongezi na kuhama hakuyaondoi. Tiba hufuata kina. Doa la juujuu huondolewa kwa kusugua enameli kwa tindikali hafifu iliyochanganywa na unga wa kusaga, kazi ya daktari peke yake. Weupe wa chaki hupungua kwa resini nyepesi inayonyonywa na vinyweleo vya enameli, ikabadilisha jinsi mwanga unavyopita. Kung'arisha kwa peroksidi hupunguza kahawia na kusogeza rangi ya jino lote karibu na ya madoa meupe. Vishimo hujazwa. Mara nyingi njia mbili huunganishwa.

Dalili: mikanda ya kijivu, kahawia au manjano ya kina, meno mengi

Muulize mama yako kama uliwahi kupewa tetrasaiklini ukiwa mdogo, au kama yeye aliitumia akiwa na mimba yako. Antibiotiki hii ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, na kabla madhara yake hayajafahamika ilitolewa kwa watoto wengi. Hushikana na kalsiamu na kujengwa ndani ya dentini. Jino huota likiwa na manjano, na mwanga wa jua huligeuza kahawia au kijivu kadiri miaka inavyopita, ndiyo maana meno ya mbele huwa meusi kuliko magego. Kwa sababu hiyo dawa za jamii hii huepukwa kwa kawaida tangu nusu ya pili ya mimba hadi mtoto afike miaka 8. Minosaiklini ni ya jamii hiyo, na inaweza kubadilisha rangi ya meno hata kwa mtu mzima.

Hali hii hung'aa, ila kwa subira: trei za usiku kwa miezi 3 hadi 6, na wakati mwingine zaidi. Mikanda iliyo shingoni mwa meno ndiyo mikaidi zaidi. Anayekuahidi kuimaliza kwa saa moja anakudanganya. Asiyeridhika baada ya subira hiyo anaweza kufikiria vinia, yaani maganda membamba yanayobandikwa mbele ya meno.

Kung'arisha kwenyewe

Dawa inayofanya kazi ni peroksidi ya hidrojeni. Hupenya enameli hadi dentini na kuvunja chembe zenye rangi zisionekane. Peroksidi ya kabamidi ni njia nyingine ya kuifikisha. Iliyo ya asilimia 10 hutoa peroksidi ya hidrojeni ya asilimia 3.5 hivi, na huitoa polepole. Ndiyo inayotumika kwenye trei za usiku, njia iliyoandikwa kitaalamu na Haywood na Heymann mwaka 1989, na mpaka leo ndiyo ambayo usalama wake umechunguzwa sana.

Mimi ningeichagua hiyo: trei iliyochongwa kwa umbo la meno yako, dawa ya asilimia 10, wiki mbili hivi, chini ya uangalizi. Kliniki hutumia peroksidi ya asilimia 25 hadi 40 kwa kikao kimoja, fizi zikiwa zimekingwa. Ni ya haraka, maumivu yake ni zaidi, na baada ya wiki chache matokeo hukaribiana na ya trei. Taa inayowashwa mbele ya mdomo haijathibitika kuongeza cha kudumu. Sehemu ya weupe wa siku hiyo ni ukavu: jino lililokaa wazi saa nzima hukauka na kuonekana jeupe, kisha hurudi kidogo likipata mate. Vibandiko vya dukani vyenye peroksidi hufanya kazi pia, ila havifiki vizuri kwenye meno yaliyopangana vibaya.

Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2012, bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi 6 ya peroksidi ya hidrojeni huuzwa kwa madaktari wa meno tu, mzunguko wa kwanza huanzia kliniki, na hazitumiwi kwa walio chini ya miaka 18. Hata kama sheria za nchi yako hazisemi hivyo, ni kipimo kizuri cha tahadhari. Wajawazito na wanaonyonyesha wasubiri. Mwenye shimo, kijazio kinachovuja au fizi zinazotoka damu atibiwe kwanza.

Vinia ni hatua ya mbali. Kwa kawaida enameli hupunguzwa sehemu ya milimita, haioti tena, na ganda litahitaji kubadilishwa maisha yako yote. Kijana mwenye meno mazima ya manjano kidogo hana sababu ya kuchongwa.

Vya kuacha kabisa

Ndimu ina pH karibu 2 na huyeyusha enameli. Weupe wa siku ile ni wa uso uliochubuka, na manjano yatakayofuata ni ya dentini yako mwenyewe. Mkaa wa unga husugua doa la juu, lakini ushahidi kwamba hung'arisha jino haupo, chembe zake hukwama kwenye nyufa na kingo za vijazio, na wengi wanaoutumia huacha dawa yenye floridi. Dawa za kufulia nguo na kusafishia vyoo huunguza kinywa na koo. Usizikaribishe. Peroksidi kali ya maduka ya kemikali nayo huunguza fizi. Magadi ya kuokea ni laini kuliko watu wanavyodhani na huondoa doa la juu, ila yakiwa peke yake hayana floridi.

Umeanza kung'arisha na mambo hayaendi

Meno yanauma kwa hewa au maji baridi. Ni kawaida, na huisha siku chache baada ya kusimamisha. Ruka usiku mmoja au miwili, punguza saa, na tumia dawa ya mswaki yenye nitrati ya potasiamu, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ukiianza wiki mbili kabla. Jino moja likiuma kwa kudunda, peke yake, usiku, acha na uende ukaangaliwe.

Fizi zimekuwa nyeupe na zinachoma. Dawa imemwagika nje ya trei. Suuza, acha siku chache, kisha weka kiasi kidogo zaidi. Trei ikiwa ya kununua tayari na haikai sawa, tatizo litarudi kila usiku.

Meno yametoka madoa meupe ambayo hukuyaona. Yalikuwapo. Ukavu wa dawa umeyafichua, na mengi hufifia ndani ya wiki mbili. Usiongeze dozi kuyakimbiza.

Shingo za meno zimebaki za manjano. Enameli hapo ni nyembamba, na kama ufizi umerudi nyuma unachokiona ni mzizi. Mzizi hauitikii peroksidi kama enameli, na kuongeza nguvu ya dawa kutakupa maumivu tu.

Baada ya miezi rangi imerudi kidogo. Usianze upya mzunguko mzima. Siku mbili tatu za trei ileile hutosha kwa wengi, na trei nzuri hutunzwa kwa miaka.

Kijazio au kofia ya jino imebaki na rangi ya zamani. Peroksidi haibadilishi resini wala kauri. Ukitaka kubadilisha kijazio kilingane, ng'arisha kwanza, halafu subiri wiki mbili hivi. Rangi huwa bado inatulia, na oksijeni iliyobaki ndani ya jino hudhoofisha gundi ya kijazio kipya.

Na kama wiki mbili za dawa sahihi, kwenye meno yaliyosafishwa, hazijabadilisha chochote, acha dawa. Rudi kwenye kioo na yale maswali manne, au umpelekee daktari majibu yake. Huenda kilichodhaniwa kuwa umri ni kijivu cha tetrasaiklini, au jino uliloliona chafu limekufa.